Ndege Isiyo na Stata

Mnaopenda kuhukumu watu, leo sogeeni karibu. Kesi ninayo, na mimi imenishinda.

Huko Katesh kuna ziwa la chumvi ambalo kiangazi hukauka kabisa, likabaki uwanja mweupe, mgumu na tambarare. Paskalina, fundi cherehani, aliuangalia uwanja ule akasema ndege inaweza kurukia hapo. Wakamcheka. Akaitengeneza nyuma ya nyumba yake, yeye na wenzake wawili, kwa injini ya gari dogo kuukuu.

Paskalina alikuwa na jicho la vitu vidogo: uzi, waya, tundu la sindano. Mdogo wake, Tluway, alikuwa na mikono. Akishika chuma anajua kinachoendelea ndani kabla hakijafunguliwa. Shemeji yake Gidamis, mziba pancha, alijua mpira kuliko anavyowajua wanawe. Wote watatu walikuwa wamefundishwa kurusha na rubani mstaafu aliyekuwa akinyunyizia dawa mashamba ya ngano. Lakini ndege yenyewe ilikuwa na kiti kimoja.

Basi wakaahidiana: atakayeiwasha ndiye atakayekuwa wa kwanza kuirusha. Walidhani kuwasha ni kubonyeza kitufe! Kumbe ndege ilitoka nzito, na Paskalina mwenyewe ndiye aliyeamuru stata, ile mota ya kuwashia, na betri ving'olewe, ibaki sumaku ndogo tu ya kutoa cheche.

Wakaivuta hadi ziwani, wakaweka mawe kwenye magurudumu, wakafunga mkia kwenye kigingi. Tluway akaishika propela, akaizungusha kwa mkono. Ikakohoa, ikanyamaza. Akarudia mpaka shati likamganda mgongoni. Mara injini ikapiga teke, propela ikarudi nyuma na kumchana kiganja.

"Dada, hii kitu inanichukia," akasema, akijifunga kitambaa.

"Inatuchukia wote," Paskalina akamjibu.

Gidamis akaja na dawa yake. Alikuwa amesuka mipira ya ndani ya matairi ya lori ikawa kamba nene. Ncha moja kwenye kigingi kingine cha pembeni, nyingine kwenye kifuko cha ngozi kinachovalishwa ncha ya propela. Mpira ukivutwa ukaachiwa, unaizungusha propela kwa kishindo, kisha kifuko kinachomoka chenyewe. Kilichomoka vizuri sana. Injini haikuwaka.

Kila asubuhi majirani walipita mlangoni kwa Paskalina wakimuuliza, "Fundi, bado hujaenda?" Akawa anashona huku anatafuna midomo. Alishachoka, na hasira yenyewe hakujua aipeleke wapi, maana stata aliing'oa yeye. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima Hanang. Mvua ikinyesha, ziwa ni tope mpaka kiangazi kingine.

Akaifungua injini, akainama juu yake kutwa nzima. Akagundua cheche ya kuwasha petroli inawahi mno. Ndiyo sababu ya lile teke. Akafunga kijiti cha kuichelewesha wakati wa kuwasha, halafu kuirudisha injini ikishashika. Akajaribu kuizungusha peke yake. Wapi! Hakuwa na nguvu ya kuifikisha hata nusu. Akaipiga teke yeye, akaumia kidole.

Siku mawingu yaliposhuka, wakaungana kwa kukata tamaa tu. Gidamis akavuta mpira mpaka ukalia. Tluway, kwa kiganja chake kibovu, akaisogeza propela taratibu hadi akahisi injini imekaza pale panapotakiwa, akaishikilia. Paskalina akaweka kijiti chake.

"Achia!" akapaza sauti, na Tluway akaiachia propela.

Injini ikashika. Ikanguruma mpaka chumvi ikapaa nyuma ya mkia.

Wakakumbatiana, wakaachana haraka.

"Shemeji, nipishe," Gidamis akapaza sauti. "Kilichoizungusha ni mpira wangu."

"Mpira wako ulikuwepo juzi, ikawaka?" Tluway akamkatiza. "Mahali pa kuachia nilipajua mimi. Tazama mkono huu."

"Na cheche mliitoa wapi?" Paskalina akauliza. "Mngekuwa bado mnapigwa mateke!"

"Wewe ndiye uliyetutia kwenye shida hii, dada. Stata tulikuwa nayo."

Hilo lilimchoma, kwa sababu ni kweli. Akatazama kiti kitupu alichokishonea mto mwenyewe. Machozi yakamjaa, ya hasira, na hakuyaficha.

Sasa niambieni. Upande wa mlima mvua inanyesha tayari. Tangi ni dogo na petroli inaungua. Mpira wa Gidamis umechanika kwa mvuto ule, kwa hiyo hakuna wa kuizima, maana ikizimika haiwaki tena. Watatu wamesimama wakitazamana, na ahadi waliiweka wenyewe. Je, wewe ungempandisha nani? Jibu upesi, maana wao hawana muda wa kukusubiri.