Nasaba Ndefu ya Vuai Mshona Viraka

Hapo zamani, watu walipokuwa na nasaba ndefu kuliko kanzu zao, palikuwa na Sultani Mwinyihatibu, aliyelipenda jina lake kuliko chakula. Ikawa kila siku ya baraza mnadi wake hupanda juu ya kiti, akasoma kwa sauti majina ya waliofika, vile vile walivyoyaandika wenyewe mlangoni. Haliachwi hata neno moja, kwani kukata nasaba ya mtu ni kumtukana babu yake. Na amri zote za Sultani zilitoka kwa kinywa hicho hicho cha mnadi. Askari hawakutii kingine.

Siku moja Pandu, mchuuzi wa maandazi, akapiga chafya nasaba ya Sultani ilipofika kwa babu wa saba. Akatiwa gerezani. Kaka yake Vuai, fukara mshona viraka, akaja kumwombea huku moyo umemjaa uchungu.

Sultani akamcheka. "Mtoe mwenyewe! Ila usivunje mlango, usiibe ufunguo, wala usimhonge askari. Ukishindwa katika baraza ya kesho, utamfuata humo humo."

"Nimesikia na kutii, ewe Maulana."

Kesho yake Vuai akafika mapema. Karani wa mlangoni akampa karatasi. "Andika jina lako na nasaba yako."

"Ni ndefu, sheikh wangu."

"Hata ikifika kwa Nabii Adamu, andika. Sisi hatukagui, twapokea tu."

Basi mnadi akapanda kitini, akavuta pumzi, akasoma: "Amefika barazani Vuai bin Makame bin Ussi. Enyi askari! Sultani aamuru Pandu afunguliwe sasa hivi, avikwe kanzu mpya, na atakayeuliza swali achapwe viboko!"

Askari wakatoka mbio. Sultani akafungua mdomo aulize, akakumbuka viboko, akaufunga. Waziri akatazama dari. Punde Pandu akaingia, akiburuta kanzu mpya.

"Umeandika amri mahali pa jina!" Sultani akanguruma.

"Naam, Maulana, na hapana aliyetazama. Mlango sikuvunja, ufunguo sikuiba, askari sikumhonga. Nimeandika nilipoambiwa niandike, na watu wako wamesoma walichopewa."

Sultani akamkazia macho, kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaapa kuwa Pandu ni huru, na kwamba tangu siku hiyo Vuai ndiye atakayekagua kila karatasi kabla haijamfikia mnadi.

"Ila nasaba yako hatukuisikia hadi mwisho," akasema akijifuta machozi. "Hebu tuandikie yote."

Vuai akachukua kalamu. Kabla hajaandika herufi moja, waziri alikwisha kumrukia mnadi, amemziba mdomo kwa mikono miwili.