Wewe na Wanao Watatu

Ndugu zangu, leo nimechoka, kwa hiyo sitapaza sauti. Nitawapa mfano mmoja tu, mnisikilize hivyo hivyo.

Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi ya usharika. Kazi yake ilikuwa kuandika barua: za uhamisho, za ndoa, za rambirambi. Siku moja mzee wa kanisa akafariki, akaacha mjane na watoto watatu. Karani alimpenda sana mzee yule. Akakaa asubuhi nzima anaandika, anafuta, anaandika tena, machozi yanamtoka. Mchungaji alipoisoma akasema, "Barua nzuri sana hii. Itunze, tutaitumia tena."

Akaitunza. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na programu ya kuhifadhi nyaraka, na humo akaigeuza barua ile kuwa kiolezo. Mnajua kiolezo? Maneno yanabaki yale yale, wewe unajaza nafasi zilizoachwa wazi: jina la marehemu, jina la mfiwa, tarehe. Dakika mbili barua imetoka, mchungaji anasaini bila kusoma. Msiniulize mchungaji huyo ni nani.

Ila alipokuwa akiweka zile nafasi, karani alisahau sehemu moja. Kule chini palibaki, "Tunakuombea wewe na wanao watatu." Mwenye watoto saba akapata hiyo. Mwenye mmoja akapata hiyo hiyo. Miaka miwili! Mtasema, mbona hatukusikia? Mngesikia wapi? Salamu za rambirambi zinasomwa mwishoni, msomaji anakimbizana na mvua, na sisi tunanong'onezana habari za chakula. Na hata aliyesikia, nani aende ofisini kulalamikia rambirambi?

Basi mama mmoja akafiwa na mumewe. Mama huyu mtaani walimwita tasa. Barua ikasomwa kaburini: wewe na wanao watatu. Watu wakatazamana. Kuna hata aliyecheka chini chini.

Baada ya wiki mbili mama akafika ofisini, barua mkononi. Karani akaisoma, akaiona ile sentensi kwa mara ya kwanza tangu aiandike. "Mama, naomba unisamehe..."

"Subiri, mwanangu," mama akasema. "Nimekuja kushukuru. Nilizaa watatu. Hakuna aliyemaliza wiki. Tuliwazika mimi na mume wangu peke yetu. Miaka thelathini sijasikia mtu akiwataja. Niambie, ni nani aliyewakumbuka?"

Ninyi mngemjibu nini? Karani angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa pale pale mdomoni, tena mtamu. Akainamisha kichwa. "Hakuna, mama. Hayo ni maneno ya barua ya mtu mwingine. Nilisahau kuyafuta."

 Mama akaikunja barua taratibu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Nitakaa nayo hivyo hivyo," akasema. "Ndiyo karatasi pekee inayowataja."

Ndugu zangu, sikuja hapa kukilaumu kiolezo. Misiba ni mingi, mikono ni michache, na mimi mwenyewe nachoka. Wala msikimbilie kuniambia kwamba Mungu hutumia hata makosa yetu. Hilo nalijua, nimelihubiri mara nyingi. Linaloniuma ni kwamba mama yule alingoja miaka thelathini apate neno moja, na alipolipata, lilimfikia kwa kusahau kwa mtu. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa hapa hapa, tunampa mkono kila Jumapili. Hujambo mama, sijambo, Bwana asifiwe, amina, tumemalizana! Sisi nasi tuna violezo vyetu, tena hatuhitaji hata kompyuta.

Leo tukitoka, kabla hujakimbilia mnadani kugombea ndizi na kuku wa sadaka, mshike mtu mmoja mkono. Muulize jambo ambalo hujawahi kumuuliza. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.

Mama yule bado anasali nasi. Majina ya wale watoto watatu, mpaka asubuhi ya leo, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyesaini ile barua.