Mlango wa Fuko, Shimo la Tisa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chai? Paukwa!

PAKAWA!

Hapo sawa. Basi Kiboko, mkubwa wa msitu, alitaka kila kitu kiwe chake. Safari hiyo akataka uwanja wa gofu. Akafyeka njia katikati ya miti, akachimba mashimo ya mchanga, akajiwekea na bwawa la kuogea. Shimo la tisa likaangukia jirani na nyumba ya Fuko, yule mdogo aishiye chini ya ardhi na mke na watoto saba.

"Hama," akasema Kiboko.

"Sihami, mzee."

Kiboko akaliinamisha eneo zima lielekee mlango wa Fuko, ili maji ya kumwagilia nyasi yamfukuze. Maji yakaingia chururu, chururu. Watoto wakalala wameloa. Fuko akaumia sana moyoni, lakini akamwendea Kiboko akicheka.

"Mzee, uwanja umeupanga ukapangika. Tushindane hapa shimo la tisa. Nikishindwa, nahama. Ukishindwa, uwanja wote ni wangu."

"Sawa. Mpira unapigwa pale pale ulipoangukia, hauguswi kwa mkono. Anayeshindwa kuupiga, kwisha habari yake."

"Sema kwa nguvu, mzee, wanyama wote wasikie."

Kiboko akasema kwa nguvu. Fuko akaenda kuupanua mlango wake kidogo, maana alikuwa anategemea mgeni.

Akaanza Fuko. Ti! Mpira ukaserereka, biringi biringi, mpaka ndani ya mlango wake.

"Upige huko huko," akasema Kiboko, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Fuko akaingia, akamsalimia mkewe, akaupiga. Ti, nje. Ti, ti, ti, shimoni.

Zamu ya Kiboko. Pwaa! Mpira biringi biringi, mlangoni kwa Fuko.

"Upige huko huko, mzee."

Kiboko akaingiza fimbo, haikufika. Akaingiza kichwa. Kuingia kikaingia, kutoka kikagoma. Huko ndani watoto saba wakamtazama usoni.

"Shikamoo, babu," wakasema.

"Nimeshindwa," akanguruma Kiboko kutoka chini ya ardhi. Wanyama wakamvuta mkia, pwok!

Tangu siku hiyo Kiboko anashinda bwawani, katoa macho tu, anaangalia kama bado wanamcheka.

Hadithi yangu imetumbukia shimoni, mwenye fimbo ndefu aitoe. Fundisho, watoto: mkubwa akikwambia hama, hama haraka. Fuko alikaidi, na mwoneni sasa, masikini: nyumba kavu, uwanja mzima wa kuchezea wanawe. Msimuige.