Landrova ya Gongo, Drili na Buti

Sogeeni karibu. Wa nyuma waje mbele, na mwenye simu aizime. Leo sisimulii ili mpate usingizi. Leo nina kesi, na mahakimu ni nyinyi, maana mimi imenishinda. Nimeigeuza huku na huku kama chapati na bado mbichi. Atakayeniuliza mwishoni "haya, jibu ni lipi?" atakuwa ananionea bure.

Si hadithi ya zamani. Ni ya juzijuzi tu, Mwanza, kwenye kilima kimoja chenye majabali makubwa, ambako nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe na gari halifiki. Kuna njia ya miguu tu, nayo njia yenyewe ni kuruka jiwe hadi jiwe. Kwenye kilima hicho waliishi watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mhoja, tuliyezoea kumwita Baba Kulwa, alipewa jicho la njia. Aliendesha Landrova huko porini mpaka mvi zikamkuta kwenye usukani. Mpe korongo lisilopitika, atalitazama kidogo, halafu akuonyeshe tairi la kushoto likanyage wapi na la kulia lisubiri wapi. Limi, fundi simu wa chini ya kilima, alipewa vidole. Kitu kilichokufa akikishika kinawaka. Nkwabi, fundi viatu, jirani yake Limi, alipewa elimu ya nyayo. Akiitazama soli yako anajua unavyotembea, unapoegemea na utakapotelezea, na hana haya ya kukwambia mbele za watu.

Kati yao ninayemjua zaidi ni Baba Kulwa, basi nitakaa kwake.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, juu kabisa. Mkewe alishafariki. Kisukari kilimchukua mguu wa kulia, akabaki na wa kushoto na magongo mawili ya alumini. Wanawe mapacha, Kulwa na Doto, wako Dar es Salaam, na walipiga simu kila Jumapili. "Baba, shikamoo." "Marahaba." "Hujambo?" "Sijambo." "Haya baba, tutaongea." Simu inakatika, na Jumapili nzima bado ipo. Kwa magongo yale aliweza kufika ukingoni, pale njia inapoanza kushuka, akawasalimia wapitao. Kisha alirudi barazani, akakaa akiyatazama mawe na kuyaendesha kwa macho. "Kushoto kidogo. Taratibu. Gia ya kwanza. Usikanyage breki." Mtu mzima huyo, jamani, anaongea na majabali! Msimcheke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Siku moja Limi alipanda kumtengenezea redio, akamkuta katikati ya safari.

"Baba Kulwa, unaongea na nani?"

Akaona aibu. "Naendesha."

"Unaendesha nini?"

"Landrova. Ingekuwa ndogo, kiasi hiki," akapima kwa mikono, kama urefu wa mikate miwili, "ingepanda lile Jiwe la Nundu kwa ubavuni. Njia nimeshaiona."

Limi akaligeukia Jiwe la Nundu. Limesimama mbele ya baraza, refu kuliko paa la nyumba. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Tuitengeneze," akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Gari dogo la kuongozwa kwa rimoti, lakini si yale ya dukani yanayokimbia sebuleni na kugonga miguu ya meza. Hili ni la kupanda mawe. Haraka halina, linatambaa.

Fremu ilikuwa kazi ya Baba Kulwa. Ya kwanza aliikaza mno, na gari lilipopandisha tairi moja kwenye jiwe likapinduka chali. "Kosa ni langu," akasema. Akatafuta bomba jepesi lenye nguvu, hakulipata. Akayatazama magongo yake. Akachukua moja, akalikata kwa msumeno, akalikunja, akalitoboa, akafunga ekseli kwa namna ambayo kila moja ilijipinda kivyake, tairi moja likipanda, jingine libaki limekanyaga chini. Limi alipomkemea, alijibu, "Mtu asiyekwenda popote gongo moja linamtosha." Tangu siku hiyo hakufika tena ukingoni mwa njia.

Nguvu ilikuwa kazi ya Limi. Mota ya kwanza aliitoa kwenye gari bovu la kuchezea. Ikapiga kelele, ikatoa moshi, ikafia chini ya jiwe. "Kosa ni langu," akasema. "Hii ina haraka, nguvu haina." Kibandani kwake alikuwa na drili ya betri aliyoachiwa na kaka yake, marehemu, yule aliyemfundisha ufundi. Hakuwa na ukumbusho mwingine wa kaka. Akapanda nayo, akaifungua barazani, akatoa mota na gia zake zote, huku analia wazi. Baba Kulwa akatazama pembeni. Sasa gari likawa na nguvu ya kusukuma tofali.

Likabaki tatizo la kukanyaga. Tairi zilikuwa za plastiki ngumu, zilizunguka juu ya jiwe bila kwenda mahali. Limi akamwita Nkwabi. Akaja anahema, akalichukua tairi, akaling'ata!

"Hii si tairi, hiki ni kisigino cha bibi harusi," akasema. "Jiwe linataka kitu laini cha kulikumbatia. Nipeni wiki."

Tairi alizokata kwanza kwenye kandambili zilichanika. Akakiri naye kwamba kosa ni lake. Alikuwa na buti za Jumapili, zenye soli ya mpira laini, alizozitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Akazikata soli, akashona tairi nne, akajaza sponji ya godoro ndani, akachonga meno kwa kisu. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na kandambili, na mzee wa kanisa akamkodolea macho miguuni ibada nzima.

Kazi hiyo ilikula Jumamosi nyingi. Limi alipanda na dawa za Baba Kulwa na mkate, Nkwabi alipanda na mihogo, na wakibishana ungedhani wanagombea shamba. Nkwabi anasema betri iwe mbele, Limi anasema nyuma, Baba Kulwa anawaambia nyote hamjui kitu, uzito ukae chini. Mara vicheko, mara kununa, mara chai. Wakishuka jioni, Baba Kulwa alikuwa na vikombe vitatu vya kuosha. Alivifurahia vikombe vile. Siku nyingine aliviacha mpaka asubuhi avione.

Kisha ikafika siku yenyewe. Gari likiwa na bodi ya Landrova iliyokatwa kwenye dumu la mafuta, likasimama chini ya Jiwe la Nundu. Baba Kulwa akashika rimoti. Likapanda kwa ubavuni kama alivyosema, likajipinda, likang'ang'ania, likasita kwenye nundu, Limi akaziba macho, Nkwabi akaguna, "Shika, mwanangu, shika!" Likafika juu. Walipiga kelele mpaka watu wa chini wakatoka nje kuuliza kuna msiba gani.

Hapo ndipo wasimuliaji wavivu humalizia. Mimi siwezi, kwa sababu Jumamosi iliyofuata hakuja mtu.

Waje kufanya nini? Gari limekwisha. Na Limi, kwa wema wake, alikuwa na wazo zuri. "Baba Kulwa, njia yote unaiona kutoka barazani, na rimoti inafika mpaka kwangu. Litume gari. Tutakuwekea mahitaji nyuma." Wakafunga kikapu kidogo. Gari likashuka jiwe kwa jiwe, likasimama mbele ya kibanda cha Limi, akatia dawa na mkate. Likapita kwa Nkwabi, akatia mihogo. Watu wakajaa kulitazama, wakawasifu mafundi kwa majina. Likapanda tena. Kilima kizima kikasema, sasa Baba Kulwa hana shida.

Na kweli, cha kulalamikia hakikuwepo. Mkate ulifika, dawa zilifika, mihogo ilifika. Alipokea kikapu, akachungulia chini, akawaona Limi na Nkwabi wanampungia mkono, wadogo sana kule, kisha wanarudi kazini. Akanywa chai, akaosha kikombe kimoja. Alihisi amejichongea jeneza lenye magurudumu. Zamani angalau waliompelekea mkate walilazimika kukaa kwanza, wapumue.

Asubuhi moja, akilirudisha gari na kikapu kimejaa, alilifikisha kwenye ufa mkubwa kati ya majabali mawili. Njia aliijua. Akalisimamisha. Akageuza tairi kushoto, akalitumbukiza.

Basi wakaja mbio, wote wawili, na waya wenye ndoano. Baba Kulwa aliwasikia kabla hajawaona, akajinyoosha shati kama kijana anayemngoja mchumba. Wakalitoa, Limi akalipandisha barazani.

"Mwangaluka, Baba Kulwa. Pole sana," Limi alimsalimia kwa Kisukuma, akalifungua pale pale. Akakagua waya, mota, betri. Akakunja uso. "Halina ubovu wowote."

Nkwabi alikuwa amebaki kwenye ufa, ameinama, anatazama alama za mpira juu ya jiwe. Akaja polepole. "Tairi hazikuteleza," akasema. "Pale zimegeuzwa kusudi."

Baba Kulwa akaiweka rimoti chini.

"Nimelitumbukiza mimi," akasema. "Mkate ulikuwa unafika. Nyinyi hamfiki."

"Si ungetuita tu!" Limi akafoka.

"Niwaite niseme nini? Njooni, sina shida yoyote?"

Nkwabi akakaa kwenye ngazi. Mngetegemea amwonee huruma mwenzake. Wapi! Alikasirika.

"Unadhani mpweke ni wewe peke yako hapa kilimani? Mimi nashinda na viatu vya watu. Mtu ananipa mguu, hanipi uso. Wanangu wako Shinyanga, hata ile simu ya Jumapili siipati. Gari hili likisimama kibandani kwangu, watu wanasimama. Wananiuliza habari za nyumbani. Mimi nasema likae kwangu. Bila soli za buti zangu lingekuwa linazunguka tairi mpaka leo."

"Na bila mota yangu lisingezunguka hata hizo tairi," alisema Limi. "Tangu niachike nalala chumba cha kupanga, nikirudi naongea na ukuta. Na drili ya kaka yangu imo humo ndani. Nyinyi mlitoa kitu, mimi nilitoa mtu. Halafu leo likae kwa aliyelitupa shimoni?"

"Nilitoa mguu," Baba Kulwa alisema kwa sauti ndogo. "Gongo lilikuwa mguu wangu. Nyinyi mnaweza kumtembelea mtu. Lakini nyinyi ndio mlioacha kuja gari lilipokwisha, si mimi niliyewafukuza."

Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli ilimkata mwingine. Mwisho wakakubaliana jambo moja tu: gari likae kwa anayestahili, na atakayekaa nalo, kwake ndiko kutakuwa baraza la kukutania. Wengine wamfuate kila Jumamosi, hakuna kutumiana vikapu.

Ila fikirini vizuri. Likikaa kwa Limi au kwa Nkwabi, Baba Kulwa hawezi kushuka. Atasikia vicheko kutoka chini. Likikaa kwake, wale wawili watapanda Jumamosi, lakini siku nyingine zote vibanda vyao vitarudi kuwa kama vilivyokuwa, na mwenye gari atakuwa yule yule aliyelitumbukiza.

Naona wajanja mmeanza kunyoosha mikono. Lizunguke kwa zamu? Wiki za zamu ya wengine Baba Kulwa atakaa na nini? Kila mtu abaki na kipande chake, waliunge wakikutana? Limi alishakataa. Alumini ikifunguliwa na kufungwa kila mara matundu ya skrubu yanalika, na gari litakufa. Watengeneze jingine? Kwa gongo lipi? Kwa drili ipi? Kwa buti zipi? Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini chawa akishavunjwa hamjaniambia sifa ziende kwa kidole kipi.

Nilipowaacha, maana nami nilipanda siku ile kusikia kulikoni, walikuwa bado barazani, gari katikati yao. Jua limeinama, Nkwabi ananyooshea kidole tairi, Limi anazungusha bisibisi, na Baba Kulwa amebandika chai ya pili. Ameona jambo ambalo wale wawili bado hawajaliona: kesi ikishakatwa, wataaga. Alinisindikiza mpaka ukingo wa baraza, mwisho wa pale gongo lake moja linapoweza kumfikisha, akaniambia nikiwaletea nyinyi shauri hili, niwaombe msiwe na haraka.

Haya, nimemaliza yangu. Aliyetoa jicho na gongo, aliyetoa vidole na drili, aliyetoa soli na buti: wewe ungemkabidhi nani? Na ukishajua, utapanda wewe mwenyewe kule juu ukawaambie?