Mlango Ulioitwa Barazani

Hapo zamani, katika mji wa Kiungwi, alikuwako fukara mmoja jina lake Sadala, msukaji wa makuti, ambaye hakuwa na mali ila vidole vyake kumi na ulimi mmoja, na huo ulimi ndio uliokuwa ukimponza. Makuti yake aliyaokota katika shamba la Bi Mize, lenye minazi arobaini, na Bi Mize hakumtoza kitu hata siku moja.

Basi mume wa Bi Mize akafariki, na mama yule akakaa eda nyumbani kwake mjini, miezi minne na siku kumi, kama ada ilivyo. Mji mzima ulijua. Waziri Shaame mwenyewe alikula pilau ya hitima sahani mbili, kisha akaulizia ukoko. Ikawa katika siku hizo kodi ya shamba ikapita wakati wake, na mpiga mbiu akatumwa kumwarifu mwenye mali. Akaenda wapi? Si mjini alikokaa mjane, bali shambani, kwenye kibanda kilichofungwa. Akabisha hodi mara tatu. Mwungwana akibisha mara tatu asijibiwe hurudi zake, lakini huyu akausomea mlango amri ya Sultani neno kwa neno, akapuliza pembe, kunguru wakaruka. Kesho yake shamba likanadiwa, na mnunuzi akatokea mmoja tu, Waziri Shaame, akalitwaa kwa thamani ya jogoo, tena jogoo mgonjwa.

Bi Mize alipotoka edani akaenda kutazama minazi yake, akawakuta wakwezi wa Waziri wakiangua nazi. Akaenda analia mpaka barazani.

"Mama," akasema Sultani, "sheria yangu ni moja. Aliyeambiwa mlango wake, ameambiwa yeye."

Siku hiyo Sadala alikuwa juu ya paa la baraza, akiziba palipovuja. Alipomwona mama yule akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, moyo ulimuuma, na ulimi ukamtangulia. "Ewe Sultani, Mola akuzidishie umri! Je, huo mlango wenyewe ulisikia?"

Watu wakacheka, na Sultani akaghadhibika. "Fukara wee, unapinga sheria yangu kutoka darini? Haya! Kesho niletee shahidi wa kuapa kwamba mlango ule haukusikia. Ukimleta, shamba litarudi kwa mwenyewe. Usipomleta, wewe na bibi huyu mtatoka katika mji wangu."

Watu wakamhurumia Sadala, kwani siku ya mbiu pale shambani hapakuwa na mtu ila mpiga mbiu, na huyo alikula kwa mkono wa Waziri.

Asubuhi Sadala akaingia barazani anahema, kaubeba mlango wa kibanda mgongoni. Akauegemeza nguzoni, akautandikia mkeka, akauamkia. "Asalaamu alaikum, Bwana Mlango. Hujambo? Madirisha hawajambo?" Kisha akasema, "Sultani anakuuliza, uliisikia ile amri ya kodi? Sema, usiogope."

Akatega sikio. Kimya.

"Ewe Sultani, huyu ni mtu wa shamba, barazani anaona haya. Tumpe muda."

Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu. Jua likapanda, harufu ya samaki wa kupaka ikawafikia kutoka jikoni, na mlango haujasema neno. Waziri Shaame, ambaye tumbo lake halikuzoea kungojeshwa, akaruka kitini. "Bwana wangu, mwehu huyu anatuchezea! Wallahi, mlango hausikii! Ni ubao! Haukusikia juzi wala hautasikia kesho!"

Sadala akainama mpaka chini. "Ahsante, Waziri. Ewe Sultani, uliagiza shahidi wa kuapa kwamba mlango haukusikia. Ndiye huyo, ameapa, na wala si mtu wa kuokotwa njiani."

Waziri akakaa taratibu. Sultani akamtazama Sadala, akamtazama Waziri, mara akaangua kicheko mpaka kilemba kikamwanguka. Lakini sultani ni sultani hata akicheka. "Shamba ni la Bi Mize," akasema akijifuta macho. "Na kodi yangu je?"

"Bwana wangu, kodi humfuata mla nazi. Miezi hii nazi amekula nani?"

Basi Waziri akalipa kodi papo hapo, kisha akaamriwa aubebe mlango yeye mwenyewe, aurudishe mahali pake. Akapita nao sokoni adhuhuri, watu wakimpisha kwa heshima zote na pole nyingi. Shambani akaupachika, jasho likimtiririka.

Bi Mize akasogea, akautazama mlango juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Umekaa upogo, Waziri. Ng'oa, uanze tena."