Utepe Mwekundu Mgombani

Wapo watu ambao msimu mzima huzunguka gulioni wakigonga majembe kwa ukucha, wakisikiliza lipi linalia vizuri, huku mvua inanyesha na shamba linaota magugu. Wazee waliwaona zamani, wakawatungia methali. Elinipendo, binti wa Soweto, mjini Moshi, alizaliwa baadaye sana, lakini methali hiyo ilimkaa kama nguo ya kupimiwa.

Elinipendo alikuwa akisomea filamu chuoni. Yeye na mwenzake Fabian walitakiwa kuwasilisha filamu fupi kuhusu kijana anayevuka utoto. Wasipowasilisha, wangerudia mwaka. Fabian alishika kamera. Elinipendo alikuwa mwongozaji, na cheo hicho kilimpanda kichwani kuliko pombe ya mbege.

Sini ya kwanza, yaani onyesho la kufungulia filamu, ilikuwa nyepesi: bibi yake, Bibi Eunike wa Old Moshi, angekata mkungu wa ndizi na kumkabidhi mjukuu, ishara kwamba sasa ni mtu mzima. Elinipendo aliufunga mkungu mmoja wa shambani kwa bibi utepe mwekundu ili usiguswe, akaenda kufikiri.

Alifikiri miezi miwili. Filamu ianze na panga? Na miguu ya bibi? Au na mlima? Mlima, siku aliyoupangia, ulijifunika mawingu gubigubi. Kila akipata wazo jipya aliona linahitaji mkungu wenye umbo lake, naye akafunga utepe mwingine. Ule wa kwanza uliiva, ndege wakaula wote, wakabakiza utepe.

"Migomba yako imechumbiwa?" jirani yao Gladys aliuliza akipita.

"Inasubiri mjukuu wangu amalize karatasi zake za filamu," alijibu Bibi Eunike, ambaye kwa wiki ya tatu alikuwa akila ugali ndani ya kihamba, shamba lake la nyumbani, kilichojaa ndizi za utepe zisizoguswa. Alimpenda Elinipendo, ndiyo maana alivumilia. Lakini mtu aliyekuzwa kwa mtori wa ndizi ana mwisho wake.

"Dairekta, tupige hata bibi akiwa jikoni," Fabian alisihi. "Tukishaanza, mengine yatajileta."

"Jikoni si filamu. Nipe wiki moja nichague."

Wiki ikazaa nne. Siku ya mwisho ya kurudisha kamera walipanda mlimani asubuhi, Elinipendo amekumbatia daftari lenye mianzo kumi na tisa. Kihambani walikuta visiki vya migomba, na tepe saba nyekundu zimeanikwa vizuri kwenye kamba ya nguo.

"Shikamoo, bibi. Mbona mikungu imekatwa?"

"Marahaba. Jumapili ni kipaimara cha mjukuu wa Gladys, nami niliahidi mikungu. Nilikusubiri, mama, mpaka jana jioni."

Elinipendo aliketi chini akalia kwa sauti. Mwaka mzima ulikuwa umekwenda na maji, tena ulimchukua na Fabian asiye na kosa, na aibu hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Bibi Eunike, aliyekuwa uani na majirani wanne pamoja na lundo la ndizi, alimsukumia kisu.

"Lia, lakini menya. Mikono haina msiba."

Akamenya. Utomvu ukamtia weusi vidoleni, machozi yakadondokea maganda. Wanawake wale, ambao miaka yote walikuwa wakimfukuza akacheze, walisogea wakampa nafasi kwenye benchi, kisha wakaendelea kusema habari za waume zao bila kupunguza sauti. Fabian hakumuuliza mtu. Aliwasha kamera.

Mwalimu Sylvanus wa chuoni alipoitazama sini hiyo aliuliza waliipanga kwa muda gani.

"Miezi mitatu, mwalimu," alisema Elinipendo, halafu akaona haya. "Lakini si hiyo tuliyoipanga."

Walifaulu. Mwishoni mwa filamu majina yalipanda: mwongozaji, Fabian. Elinipendo alikuwa chini, miongoni mwa waigizaji: mmenya ndizi. Majina hayo aliyaandika mwenyewe, mara moja tu, bila kufuta.

Bibi Eunike alioneshwa filamu kwenye simu, akiwa na bakuli la machalari ya ndizi na nyama mapajani. Aliyasoma majina polepole mpaka la mwisho, akamrudishia mjukuu wake simu.

"Sasa umeona, mama," alisema. "Mchagua jembe si mkulima."