Machela ya Mama Sultani

Hapo zamani, katika mji ambao mizani iliaminiwa kuliko macho, alikuwako Sultani Hamdani, na mama yake alikuwa hawezi tena kutembea. Bibi yule hakutaka kitu ila kupelekwa kilimani, lilipo kaburi la mumewe. Lakini machela ya jumba ilikuwa nzito, wachukuzi wakiishia nusu ya njia. Basi Sultani akamwita Vuai, seremala asiye na mbele wala nyuma, akamwambia, "Nibunie machela nyepesi."

Vuai akakaa barazani akiwaza, akichonga, akitupa, akichonga tena. Waziri Badawi akapita, akaona uvivu mtupu, akaenda kumwambia Sultani.

"Seyyid, kazi ya huyu ipimwe kwa mizani kila Ijumaa. Isipozidi uzito wa Ijumaa iliyopita, afukuzwe mjini."

Sultani akaridhia. Ijumaa ya pili ilipofika, Waziri akapima, akang'aka, "Imepungua! Wiki nzima umefanya nini?"

"Nimeipunguza, bwana wangu."

"Basi umefanya kazi kinyumenyume! Mara hii nakuachia, Ijumaa ijayo isipozidi, funga virago."

Vuai hakuwa na mji mwingine. Mkewe alizikwa hapo. Akawaza, kama ni uzito, watapata uzito. Akaunda machela ya pili kwa mbao za mvule, akaipigilia kinu, akaongeza jiwe la kusagia. Ikawa kila Ijumaa mizani inalala, na Waziri anachekelea, "Sasa unajituma!"

Siku ya kuzuru, Bibi akapandishwa. Wachukuzi wakashika, wakakakamaa, machela isinyanyuke.

"Hamdani mwanangu," akauliza Bibi, "mmenipigilia ardhini?"

Sultani akawaka. "Vuai! Nini hiki?"

"Kazi bora, Seyyid, mizani ni shahidi. Labda wachukuzi ndio wabovu. Waziri aliyeisifu na atoe bega."

Waziri akatoa bega. Mishipa ikamsimama, kilemba kikadondoka, machela ikatulia vilevile. Bibi akaanza kucheka, na Sultani akafuatia hadi machozi.

"Na ile nyepesi, iko wapi?"

"Nyumbani, Seyyid. Nilificha aibu yangu."

Ikaletwa, ya mianzi na ukindu, Bibi akainuliwa kama mto wa sufi. Sultani akaifuta ile amri, akasema, "Sasa kazi yako nitaipimaje?"

"Waulize wachukuzi wakifika juu. Wakiwa na pumzi ya kukujibu, nilifanya kazi."

Basi wakapanda, Waziri nyuma na jiwe la kusagia kichwani, kwa amri ya Sultani. Kileleni wachukuzi walikuwa bado wakibishana ni yupi kati yao aliye na mkwe mkorofi zaidi, hata Bibi akainua mkono kuwanyamazisha, kwa kuwa alikuwa amefika.